Maelezo ya Kitaalamu ya Fundi

Fundi alikuwa na futi tatu za kupimia. Moja ya chuma ilining'inia kiunoni kama funguo za askari jela. Ya pili ilikaa kwenye dashibodi ya pikapu yake. Ya tatu, ya kitambaa, ile ya washonaji, aliitia mfukoni mwa shati hata siku ya Idi. Siku moja nilimwuliza hiyo ya kitambaa ni ya kazi gani. Akasema vitu vingine vimepinda, na kitu kilichopinda hakipimiki kwa chuma. Halafu akanitazama kuanzia viatu hadi upara, kana kwamba anafikiria aanzie wapi kunipima.

Karakana yake ilikuwa Stechford, mtaa mmoja wa mji huu wa Waingereza tunaoishi, hatua chache kutoka stesheni, kwenye ua wa nyuma wa duka la mazulia. Hakutengeneza injini. Injini, alisema, ni kazi ya watu wanaopenda kusikiliza makelele. Yeye alifunga viungio: vile vyuma vya nyuma ya gari vinavyovuta trela, karavani, zile nyumba ndogo za likizo zenye magurudumu, na majenereta ya kukodi. Mtu akileta gari, Fundi hakuuliza kwanza linavuta nini. Aliuliza linasimamaje. Aliangalia breki, akaangalia matairi, akalala chali chini ya gari kwa muda mrefu kiasi kwamba mteja mgeni alianza kuhofu kwamba mzee amezimia. Kazi ikimridhisha alipiga bodi ya gari kwa kiganja, mara mbili, na kusema, "Nenda." Hicho ndicho kilikuwa cheti chake cha dhamana, na sijasikia mtu aliyewahi kukirudisha.

Kuna nesi mmoja Mkenya aliyemletea kigari kidogo akitaka kufungiwa kiungio cha kuvuta karavani hadi Wales, likizo ya shule. Nilikuwepo, nimekaa juu ya tairi, nikinywa chai yake.

"Dada, hii gari itaivuta karavani," Fundi alimwambia.

"Basi funga."

"Itaivuta mpaka kwenye mteremko. Hapo karavani itaanza kuisukuma yenyewe. Una watoto?"

"Watatu."

"Sifungi."

"Fundi! Si nimekuja kwako sababu wewe ni mtu wetu?"

"Ndiyo maana sifungi. Nenda kwa asiye mtu wako, atakufungia leo leo."

Yule dada alikasirika, hakumsalimu miezi sita. Mwezi wa saba akarudi na gari kubwa zaidi na bakuli la mandazi. Fundi alifunga kiungio, akala mandazi manne, akapiga bodi mara mbili. 

Lakini nisimfanye malaika. Ulimi wake ulikuwa mkali na aliutumia kwa watu wasio na wa kuwatetea, mimi nikiwa wa kwanza. Aliniita Profesa. Mimi si profesa. Nina shahada mbili za fasihi na kazi ya mkataba ya kuwafundisha wanafunzi wa chuo jinsi ya kuanza aya. Siku moja nilimpelekea gari langu kwa sababu ya mlio, kitu kikigonga chinichini kila nikipiga kona. Fundi alifungua boneti, akaifunga. Akaenda upande wa abiria, akainama, akatoa chupa ya maji iliyokuwa ikibingirika chini ya kiti.

"Profesa," akasema, "gari imepona. Mwambie shemeji nimepambana nayo sana."

Hadithi ile aliisimulia miaka miwili. Harusini aliisimulia, msikitini nasikia aliisimulia, na kwenye ubarikio wa mtoto wa watu, ambako alialikwa kwa sababu alilitengeneza bure basi dogo la kanisa, aliisimulia akiwa ameshika chupa ya maji kama mfano. Nilicheka na wenzangu kila mara. Mtu akikwambia kwamba kicheko cha namna hiyo kinaisha hapohapo, usimwamini.

Huyohuyo aliyenicheka kwa mikono yangu aliiheshimu kalamu yangu, na hilo sikulielewa hadi nilipokuwa nimeshaliharibu. Yeye mwenyewe aliandika kwa herufi kubwa, polepole, akibana midomo. Barua za manispaa, za bima, za mwenye ua, alizikusanya kwenye kopo la rangi, na kila Jumapili ya pili nilikwenda kumsomea. Nilimsomea kwa Kiingereza, kisha nikamweleza kwa Kiswahili. Nikimaliza, kabla hajasema lolote, alisema, "Soma tena." Kila barua, mara mbili. Nilidhani ni uzito wa kusikia. Mkewe ndiye aliyenifumbua macho. "Anapima, shemeji," aliniambia. "Mara moja anasema haitoshi, mkono unaweza kuwa uliteleza."

Mkewe alikuwa na mzaha wake pia. Nyumbani kwao rafu ya jikoni ilikuwa imelala upande, vikombe vyote vimehamia kona moja kama abiria wa meli inayozama. Miaka kumi na moja rafu imelala hivyo. "Huyu anapima mali za watu," alisema. Fundi alijibu kwamba vikombe havilipi. Alikuwa mwangalifu wa boliti za wengine, na hakuwa mwangalifu wa sukari yake mwenyewe wala wa magoti yake. Aliwadharau watu wa vikao, na hakukosa kikao hata kimoja.

Vikao vyenyewe vilikuwa vya umoja wetu, sisi wa Afrika Mashariki tuliotawanyika mjini hapa: manesi, madereva, walezi wa wazee, wanafunzi, wafanyabiashara, Wakenya, Watanzania, na Wakongo wachache waliotuvumilia. Tulikutana kwenye ukumbi mmoja Newtown, mlango wake mwembamba na maegesho yake madogo. Mwenyekiti alikuwa Mkenya mmoja mchangamfu, mwenye sauti nzuri na kumbukumbu ya majina ya watoto wa kila mtu. Mimi nilikuwa Katibu, kwa sababu kila umoja una mtu mmoja ambaye watu wanasema "si wewe umesoma?" na mtu huyo hana jibu.

Umoja ule ulikuwa na shughuli moja iliyouweka hai, nayo ni misiba. Akifiwa mtu, kwake au kwao nyumbani, tunakutana, tunalia, tunachanga, tunakula. Chakula kilipikwa kwenye majiko ya watu watano na kufika kimepoa. Kwa hiyo tulipopata trela la mitumba, kubwa, lililokuwa la maonyesho ya kampuni fulani, wazo la kulifanya jiko la umoja lilipita kwa vigelegele. Mke wa Fundi ndiye angekuwa mkuu wa jiko. Alitembea ndani ya lile trela tupu akigusa kuta kwa ncha za vidole, na Fundi, aliyesimama nje, alijifanya anakagua tairi.

Gari la kulivuta lilikuwa moja tu, pikapu ya Fundi mwenyewe, yenye viti vya mbele na vya nyuma, na kwa sababu hiyo yenye bodi fupi ya mizigo. Hapo ndipo tatizo lilipokuwa, na ni tatizo ambalo mtoto wa darasa la nne angelielewa. Trela lile halikuwa la kufungwa kwenye bampa. Lilikuwa na pua ndefu inayokuja mbele na kukaa juu ya pikapu, na chini ya pua kuna pini nene ya chuma. Pini inaumwa na kitu kinachoitwa gurudumu la tano, ambacho si gurudumu hata kidogo, ni sahani nzito yenye mdomo, inayofungwa ndani ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma. Bodi ikiwa ndefu, hakuna neno. Bodi ikiwa fupi, ile ekseli iko karibu na kebini, na ukipiga kona kali pembe ya trela inazunguka na kukifuata kioo cha nyuma cha kebini.

Kulikuwa na sahani za namna tatu. Moja imefungwa palepale, haisogei. Ya pili inasogezwa nyuma kwa mkono: kabla ya kona kali dereva anashuka, anavuta kishikio. Ya tatu inajisogeza yenyewe kadiri gari linavyokata kona, na kurudi njia ikinyooka. Kamati ilinipa mimi kazi ya kuchunguza, na Fundi ikamwita atoe maelezo.

Wiki mbili nilisoma. Sijawahi kusoma hivyo hata kwa shahada. Nilisoma maoni ya Wamarekani waliovuta nyumba nzima kuvuka majangwa, nikatazama video za wanaume wenye kofia wakigonga vyuma kwa furaha. Nikatengeneza jedwali lenye safu sita: uzito unaobebeka, uzito wa sahani, unene wa chuma, nyota za wateja, muda wa kufunga, bei. Ile isiyosogea ilishinda kwenye safu tano. Jedwali lilikuwa zuri. Nililichapisha kwa rangi. Na nikiri sasa, maana sina cha kulinda: sikulitengeneza kwa ajili ya jiko la misiba. Nililitengeneza kwa ajili ya ile chupa ya maji. Nilitaka mara moja tu nisimame mbele ya watu nikijua jambo kuhusu chuma ambalo Fundi halijui. Kwenye safu zote sita hakukuwa na hata moja iliyotaja kioo.

Fundi alikuja kikaoni bila karatasi. Aliomba mkate mzima na boksi la biskuti kutoka meza ya chai, ambako binti yangu alikuwa akigawa vikombe. Akaukata mkate kwa kisu, kipande kirefu kiwe kebini, kifupi kiwe bodi, akavibandika pamoja kwa vijiti vya meno. Boksi la biskuti ndilo trela. Akalichomeka juu ya mkate na kuanza kulizungusha taratibu, huku ameshikilia futi ya kitambaa katikati.

"Tazameni. Sawa. Sawa. Bado sawa. Hapa," akasema, na pembe ya boksi ikazama kwenye mkate. "Hapa ndipo anapokaa mke wangu."

Watu walicheka, kwa sababu mkate unachekesha.

"Nimepima pikapu mara mbili," akaendelea. "Hii isiyosogea itavunja kioo. Nataka ile inayojisogeza. Hata ile ya kishikio siitaki. Siku ya msiba, mvua inanyesha, watu wanapiga honi, mtu hashuki kuvuta kishikio. Mkono unasahau."

Mwenyekiti akamshukuru sana, akamwita mzee wetu, hazina yetu. Akaniita mimi. Niligawa majedwali. Nilisema "kwa mujibu wa watumiaji" mara nne. Niliona watu wakipitisha vidole kwenye zile rangi, na nikaona Fundi akiishika karatasi kwa mbali kidogo, anavyozishika barua za manispaa.

"Profesa," akasema, "hizi pikapu zao umezipima?"

"Hawa ni watu wenye uzoefu, Fundi."

"Umezipima?"

"Bodi fupi ni bodi fupi," nikasema.

Baadaye niligundua kwamba bodi fupi ya Mmarekani inaizidi yetu kwa zaidi ya hatua ya mtoto. Ningeligundua mapema kama ningeazima futi moja kati ya tatu.

"Wandugu," Mwenyekiti akasema, huku akiimega ile kebini ya mkate na kuichovya kwenye chai, "tusikae hapa mpaka kesho. Katibu ame-research, Fundi ame-explain. Si tu-vote tu?"

Mikono ikainuka kwa ile isiyosogea. Fundi hakuinua wa kwake. Alisubiri kelele zitulie, akafunga futi yake ya kitambaa, akageuka kwangu.

"Sawa. Trela ni lenu. Kiungio nitakifunga, na nitaliendesha mwenyewe, asiliguse mtu mwingine. Lakini andika, Profesa. Andika kwamba nimekataa."

Niliandika. Daftari ninalo: "Fundi anakataa. Anasema pembe ya trela itavunja kioo cha nyuma. Anataka iandikwe." Mwandiko wangu, wino wa bluu.

Siku tatu baadaye, nikiwa naandaa kumbukumbu rasmi, Mwenyekiti akanipigia. "Katibu, hizo minutes ni za umoja. Tukianza kuandika huyu alikataa, yule alikubali, tutakuwa bunge. Wewe weka kauli moja." Hilo si jambo la ajabu kwetu. Sijawahi kuona kumbukumbu za kikao chetu zisizosema "kwa kauli moja," hata kile kikao ambacho mtu alirushiwa sahani. Tunaamini kwamba mgawanyiko ukiandikwa utaishi, usipoandikwa utakufa njaa. Kwa hiyo kwenye nakala rasmi nililifuta lile neno "anakataa." Lakini hapo sentensi ikabaki fupi na kavu, na mimi ni mtu wa sentensi. Nikaandika: "Baada ya kupokea maelezo ya kitaalamu ya Fundi, kamati iliamua kwa kauli moja kununua kiungio kisichosogea."

Kila neno ni kweli. Alitoa maelezo. Yalikuwa ya kitaalamu. Tuliyapokea. Niliisoma sentensi ile kwa sauti jikoni kwangu, nikaridhika na mdundo wake.

Fundi alikifunga kile kiungio kwa siku mbili nzima, boliti hadi kwenye chasisi, kazi safi kuliko zote nilizowahi kuona. Alipomaliza alifuta mikono. Nilisubiri. Hakupiga bodi.

Na kwa miezi minane hakuna kilichotokea. Fundi aliliendesha trela lile kama mtu aliyebeba maji kwenye sinia. Kona zote alizipiga kwa upana. Pale ukumbini Newtown, badala ya kukata moja kwa moja kutoka barabarani, alilipita geti bila kuingia, akaenda hadi mzunguko wa mbali wa barabara, akarudi na kuingia kutoka upande wa pili ambako kuna nafasi. Dakika kumi za ziada kila safari. Watu wakala chakula cha moto kwenye misiba, wakamsifu mkewe. Mwenyekiti alinipiga bega. "Si unaona? Na alisema litavunja kioo." Kila safari salama aliyoifanya kwa uangalifu wake ikawa ushahidi kwamba alikosea. Mimi pia nilianza kuamini.

Kisha ikaja siku ya msiba wa mama wa mwanachama mmoja, mtu anayependwa, na ukumbi ukafurika. Mvua ilikuwa inanyesha. Magari ya waombolezaji yalipangana pande zote, na njia ya kule kwenye mzunguko ilikuwa imezibwa. Fundi alisimama mbele ya geti, nyuma yake basi la abiria likipiga honi. Mwenyekiti alikuwa amesimama getini na koti lake jeusi. Mimi nilikuwa kando yake, nimeshika orodha ya wasemaji.

"Kata, Fundi! Kata!" Mwenyekiti alipunga mkono. "Watu wana njaa!"

Fundi alitoa kiganja dirishani: hapana. Basi likapiga honi tena.

"Kata! Nafasi iko! Mimi naona!"

Fundi alinitazama. Si Mwenyekiti, mimi. Ilikuwa sekunde moja, labda mbili. Niliangalia orodha ya wasemaji.

Akakata. Ulisikika mlio kama wa mtu anayekanyaga barafu ya kwenye dimbwi, na kioo cha nyuma kikashuka chote, punje punje, kama chumvi ya mawe. Mkewe alikuwa amekaa kiti cha nyuma na masinia mawili ya sambusa mapajani, chini ya kitambaa chembamba. Alishuka na punje za kioo kwenye mikunjo ya mtandio na mkwaruzo sikioni. Hakulia. Aliyatazama masinia, akayapeleka mwenyewe kwenye pipa la taka, moja, kisha la pili.

Pilau ilikuwa ndani ya trela, kwenye masufuria yenye vifuniko, salama kabisa. Lakini neno lilikuwa limeshaingia ukumbini kabla ya masufuria. Nilimwona mke wa Fundi akipakua, amenyooka, na watu wakipokea sahani kwa adabu na kuchokorachokora wali kwa uma, kisha kuweka sahani chini ya kiti. Mpaka jioni hadithi ilikuwa Fundi katia kioo kwenye pilau ya msiba. Mpaka Jumapili ilikuwa imefika Coventry, mji wa jirani.

Kwenye gari, wakati wa kurudi, binti yangu, ambaye Kiswahili anakielewa lakini majibu yake ni ya Kiingereza, alisema kwa lugha yake kwamba yule mzee si alisema hapana? Ule mkate? Nilimwambia mambo ya kamati ni magumu. Akaweka vifaa vyake vya masikioni.

Kikao cha kuchunguza kiliitwa baada ya wiki mbili. Mtu mmoja aliuliza fundi gani hajui urefu wa trela lake mwenyewe. Mwingine akauliza aliyechagua kiungio kile ni nani. Fundi alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono magotini, ametulia sana. Alikuwa na sababu ya kutulia. Aliamini imeandikwa.

"Katibu asome," akasema.

Nilisimama. Ningeweza kusoma daftari. Lilikuwa ndani ya mkoba, miguuni pangu. Nilisoma kumbukumbu rasmi. Baada ya kupokea maelezo ya kitaalamu ya Fundi, kamati iliamua kwa kauli moja.

Ukumbi ukaanza kunong'ona. Fundi hakugeuka kuwatazama.

"Soma tena," akasema.

Nilisoma tena. Sauti yangu haikutetemeka, na hilo ndilo sijajisamehe. Alisikiliza hadi nukta ya mwisho. Halafu akainuka kwa shida ya magoti yake, akamwinua mkewe.

"Umeandika vizuri, Katibu," akasema.

Tangu siku ile hakuniita tena Profesa. Nilikuwa nimelichukia jina lile miaka yote, na sasa ningetoa kitu kulisikia.

Wateja wake wengi walikuwa watu wetu, na watu wetu waliacha kwenda. Hakuna aliyetangaza. Mtu alitaka kiungio, akakumbuka pilau, akaenda kwa mwingine. Mwaka haukuisha, ule ua wa Stechford ukawa wa mtu wa matairi. Trela lilisimama nyuma ya ukumbi likiota ukungu hadi likauzwa, kwa kauli moja.

Imepita miaka mitatu. Mwezi uliopita nilipata anwani yao mpya, Shard End, mwisho kabisa wa mji, kwenye kijia kisichotokea popote, na nikaenda Jumamosi mchana nikiwa na lile daftari. Nilikuwa nimelipanga jambo zima: nitaomba radhi, nitampa ukurasa, yeye atausoma, labda ataniita jina langu la zamani. Hata kilio nilikuwa nimekitengea nafasi.

Mkewe alifungua. "Shemeji. Umepotea," akasema, na hakuna kitu kingine usoni mwake. Sebuleni niliona rafu mpya ya vikombe, imenyooka kama mstari wa rula. Sasa Fundi ana muda. Siku za kazi anaendesha basi dogo la kuwapeleka wazee kwenye kituo chao cha mchana. Fundi alikuwa amekaa dirishani, amepungua, miwani minene. Mfuko wa shati haukuwa na futi.

"Karibu, Katibu."

Nilisema niliyoyapanga, vibaya, nikiruka mengine. Nikafungua daftari kwenye ukurasa ule nikamwekea mapajani. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alifuata mistari kwa kidole, midomo ikicheza. Alipofika mwisho alirudi mwanzo akasoma tena. Nilijua atafanya hivyo.

"Ndivyo nilivyosema," akasema.

"Ndiyo, Fundi."

"Wao umewasomea?"

"Bado."

Alilifunga daftari. "Mimi nilikuwepo, Katibu. Niliyasema kwa mdomo wangu. Hii unamletea mtu anayejua, ili iweje?"

Mkewe, aliyekuwa anaingia na chai, alisimama mlangoni na sinia.

"Na mkutano mkuu ni lini?" Fundi akauliza.

"Jumamosi ijayo."

"Bado wewe ndiye Katibu?"

"Bado."

Alinirudishia daftari kwa mikono miwili, kwa adabu, namna anayoshika barua za watu. Tukanywa chai. Aliniuliza habari za binti yangu. Nikasema yuko chuo. Akasema yule mtoto alimletea mkate mzuri siku ile.

Jumamosi hiyo imepita. Nilikwenda Newtown, daftari mkobani. Kulikuwa na ajenda ndefu. Mwenyekiti alisimulia jambo la kuchekesha, watu wakafurahi, na ikaonekana si wakati wake. Niliandika kumbukumbu. Badala yake naandika haya, kwa ajili ya wasomaji wasiomjua, na hata humu nimemwita Fundi tangu mstari wa kwanza, kana kwamba hana jina. Analo. Nimelisoma kwenye bahasha zake Jumapili ngapi.

Siku ile ya Shard End alinitoa hadi nje. Kijia kilikuwa chembamba, na nyuma ya gari langu kulikuwa na ukuta wa matofali. Nilianza kuuhangaisha usukani. Fundi akashuka ngazi, goti moja moja, akaenda akasimama nyuma, kati ya gari na ukuta, mahali ninapoweza kumwona kwenye kioo.

"Njoo. Njoo. Kata kulia. Polepole. Simama." Akapima kwa macho pengo lililobaki. "Sasa nyoosha. Njoo tena kidogo. Basi."

Gari likageuka bila kugusa kitu. Nilishusha dirisha na kusubiri, mkono kwenye gia, injini ikinguruma. Alikuja hadi kando ya mlango. Kiganja chake kilikuwa wazi, karibu kabisa na bodi.

"Njia iko wazi," akasema, akatia mkono mfukoni, akarudi ndani.